Adresi ya imeli kwenye jina letu wenyewe

Kikundi kimoja cha wamama tunachokifahamu, upande wa Kadutu, kilingojea jibu la wafadhili kwa miezi minne. Walikuwa wameomba msaada wa mashine za kushona. Jibu lilikuwa limefika tangu juma la pili, lakini lilifika kwenye imeli ya kijana aliyekuwa sekretere wao, na kijana huyo alikuwa amekwisha kuhamia Kinshasa na kubadilisha namba ya simu. Hakuiba kitu. Adresi ilikuwa yake, ina jina lake na mwaka wake wa kuzaliwa, na alipoondoka aliondoka nayo kama mtu anavyoondoka na viatu vyake. Wafadhili walikuwa wameandika: mtujibu katika siku 30. Siku 30 zikapita, mashine zikaenda kwa wengine.

Wamama, angalieni mabango ya vyama vyetu kando ya barabara, na barua tunazopeleka komini. Juu kuna jina la chama, chini kuna muhuri wa chama, na katikati kuna imeli ya mtu mmoja. Tunajisumbua miaka kutafuta karatasi. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001 inakubali chama kisichotafuta faida kiwe na utu wake mbele ya sheria, kiwe na mali kwa jina lake, kiandike mkataba kwa jina lake. Halafu mlango ambao barua zote zinapitia tunauacha kwa jina la mtoto wa prezidenti, kwa sababu ndiye aliyejua kufungua imeli siku ile.

Kuna njia nyingine, na si ya matajiri peke yao. Chama, au mama mwenye kazi yake, anaweza kuwa na adresi ambayo mwisho wake ni jina lake mwenyewe: katibu@jina-la-chama.org, kwa mfano. Jina hilo linalokuja nyuma ya alama ya @, ile tunaita arobaze, linaitwa domeni. Alama hiyo ilichaguliwa mwaka 1971 na Mmarekani Ray Tomlinson, alipokuwa anajaribu kutuma barua kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Kushoto kwa alama ni nani, kulia ni wapi. Ukiandika gmail.com upande wa kulia, umesema: ninakaa kwa Google. Ukiandika jina lako, umesema: ninakaa kwangu.

Kwangu, lakini kwa namna gani? Hapa sisi Wakongomani tunaelewa haraka kuliko watu wengi. Tunajua kwamba tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1973, udongo ni wa Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na konsesio ya kawaida ni ya miaka 25, inaanzishwa upya ikiisha. Domeni ni hivyohivyo. Hakuna mtu anayeinunua milele. Unaiandikisha kwa mwaka mmoja au zaidi, unalipa, na kwa muda wote unaolipa hakuna mwingine anayeweza kuikaa. Ukiacha kulipa, mwingine anaichukua. Karatasi za parseli zikiwa kwa jina la shemeji, parseli ni ya shemeji, hata kama matofali ni yako. Hilo pia ni hivyohivyo.

WhatsApp haitoshi?

Wengi watauliza. Kwa kupanga mkutano wa siku ya posho, WhatsApp inatosha, tena inapita imeli. Lakini angalia mahali pesa na karatasi zinapopita: fomu za wafadhili, benki, chuo kikuu cha mtoto, ombi la viza, wanunuzi wa kahawa au wa vikapu walio Ulaya. Huko wanaomba imeli. WhatsApp imefungwa kwenye namba ya simu, na namba isiyotumika muda mrefu kampuni inaweza kuitoa na kuipa mtu mwingine. Tena mazungumzo yako kwenye simu ya mtu mmoja. Simu ikiibiwa sokoni, mara nyingi historia ya chama nayo imekwenda.

Hata hivyo tuseme ukweli: si kila mama anahitaji domeni. Anayeuza sambaza au lenga-lenga, na wateja wake wote anawajua kwa sura, imeli ya bure inamtosha, aifungue kwa jina lake na ailinde vizuri. Domeni inaanza kuwa na maana pale ambapo watu wasiokujua wanakuandikia kwa sababu ya kazi, au pale ambapo kazi ni ya watu wengi na viongozi wanabadilishana. Fundi wa nguo anayepokea maombi ya harusi kutoka miji mingine, mama mwenye shule ndogo, muuguzi mwenye kituo chake, AVEC iliyokua na kuanza kuongea na wafadhili: hao ndio tunaowafikiria hapa.

Bei, tusiifiche. Domeni ya .org au .com kwa kawaida ni kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka, inategemea muuzaji. Sanduku la barua lenyewe linalipiwa pembeni; yapo ya dola 1 au 2 kwa mwezi. Tukihesabu dola 15 za domeni na dola 24 za sanduku moja, ni dola 39 kwa mwaka. AVEC ya wamama 25 wakigawana, kila mama anatoa dola moja na nusu na kitu kidogo. Tusidanganyike na bei ya mwaka wa kwanza: wauzaji wengine wanaonyesha dola 1 au 2 kwa herufi kubwa, halafu mwaka wa pili bei inapanda. Ulizeni bei ya kuanzisha upya kabla ya kuuliza bei ya kuanza.

Kuchagua jina

Jina liwe fupi na lisomeke kwenye simu, maana mara nyingi utalisema kwa mdomo, kwenye kelele, kwa mtu aliye haraka. Kiswahili kinatusaidia hapa: hakina zile alama za juu ya herufi kama Kifaransa. Lakini tuna shida yetu, na tucheke kidogo: L na R. Huku kwetu jina lenye L na R pamoja litaandikwa namna tatu tofauti na watu watatu, na barua itaenda kwa mtu asiyejulikana au itarudi. Fanyeni jaribio hili kabla ya kulipa. Mpigie shangazi, mtamkie jina mara moja, umwombe aliandike kwenye karatasi. Akikosea, tafuteni lingine. Epukeni kistari na namba pia; jina lenye "2" linaleta ubishi kama ni herufi au tarakimu. (Kile kistari tulichoandika kwenye mfano wetu ni kwa kusomeka tu.)

Kuhusu mwisho wa jina, .org imezoeleka kwa vyama, .com kwa biashara. Ya nchi yetu ni .cd. Zamani ilikuwa .zr, ya Zaire; nchi ilipobadilisha jina mwaka 1997 tukapata .cd, na ile ya zamani ikafutwa kabisa mwaka 2001. Fikirini waliokuwa na adresi ya .zr! Tunaipenda .cd kwa sababu inasema tuko wapi, ila kwa kawaida bei yake ni kubwa kuliko .org, na kikundi chenye sanduku dogo hakilazimiki kuanza nayo.

Kuandikisha, na kwa jina la nani

Hapa ndipo pa kuweka akili yote, kuliko mambo ya mashine. Muuzaji wa domeni ataomba jina la mwenye nayo, simu, adresi ya nyumba au biro, na imeli. Pale pa mwenye nayo pana nafasi ya jina la chama. Andikeni jina la chama kama lilivyo kwenye statuti, wala si la fundi wa siberi aliyewasaidia. Kama ni kazi yako binafsi, andika jina lako, mama. Tangu sheria ya mwezi wa saba 2016 iliyorekebisha Kanuni ya familia, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana ili afunge mkataba. Kuongea na papa nyumbani ni jambo zuri, na ni vizuri ajue pesa zimekwenda wapi. Jina kwenye karatasi ni jambo lingine.

Malipo karibu yote yanapitia kadi ya benki. Mama asiye na kadi atasema: mtoto wangu aliye Canada au Ubelgiji atalipa. Sawa, alipe. Lakini kulipa kwa kadi yake kusifanye konti iwe yake. Konti ifunguliwe hapa, kwa jina la chama na neno la siri la chama. Yeye aingize kadi siku ya malipo, amalize, aitoe. Tumeona undugu ukiharibika kwa sababu ndogo kuliko hii.

Imeli mtakayoiacha kwa muuzaji isiwe ile ya domeni yenyewe. Ikiwa domeni imezimika, barua ya kuwaambia imezimika itafika wapi? Acheni imeli nyingine, ya bure, ambayo watu wawili wanaweza kuifungua. Na muiangalie mara baada ya kulipa. Kwa domeni za .org na .com, muuzaji anapashwa kuhakikisha mawasiliano ya mwenye domeni katika siku 15; atatuma barua yenye kiungo cha kubonyeza, na asipopata jibu anaweza kuisimamisha domeni. Wengi wanadhani ni barua ya wezi, wanaifuta, halafu wanashangaa.

Kufungua sanduku

Kuwa na domeni si kuwa na sanduku la barua. Ni kama kuwa na parseli kabla ya kujenga. Kuna njia mbili za kuanza.

Ya kwanza ni kupitisha. Wauzaji wengi wa domeni wanakubali, hata bila kuongeza bei, kwamba barua yoyote inayokuja kwa katibu@ ipitishwe moja kwa moja kwenye imeli ya zamani mnayoitumia. Ni njia nzuri kwa miezi ya kwanza. Ubaya wake ni kwamba ukijibu, mara nyingi jibu linatoka na adresi ya zamani, na aliyeandika kwa chama anapata jibu la mtu asiyemjua. Tena barua zilizopitishwa zinaweza kuanguka kwenye takataka. Pafungueni pale mara kwa mara.

Njia ya pili ni kukodi sanduku la kweli kwa kampuni inayotunza barua. Kampuni itawapa mistari michache ya kuandika kwenye mipango ya domeni. Mstari unaoitwa MX unaiambia dunia: barua za jina hili zipelekwe kwenye mashine ile. Kisha kuna SPF, inayotaja ni mashine gani zina ruhusa ya kutuma barua kwa jina lenu, na DKIM, ambayo ni kama muhuri unaogongwa kwenye kila barua inayotoka. Mistari hii hainunuliwi, inanakiliwa tu, herufi kwa herufi. Kijana wa siberi anaweza kuifanya katika saa moja, mama mmoja amekaa pembeni yake akiandika kwenye daftari alichofanya. Wengi wanairuka mistari miwili ya mwisho kwa sababu barua zinatoka hata bila yake. Zinatoka, ndiyo, lakini zinafika wapi? Tangu mwezi wa pili 2024, Google na Yahoo zimekaza: barua isiyo na uthibitisho wa namna hiyo inaweza kutupwa kwenye takataka au kurudishwa. Kabla ya kupeleka ombi la msaada, tumieni kwanza rafiki watatu wenye imeli za kampuni tofauti, muwaulize barua imeanguka wapi.

Kwenye simu, programu ya barua itauliza IMAP au POP. Chagueni IMAP. Hiyo inaacha barua kwenye mashine ya kampuni, na simu inaonyesha tu. Simu ikiibiwa, barua zipo. POP kwa kawaida inazibeba hadi kwenye simu na kuzifuta kule. Na kwa sababu mega zinanunuliwa kwa franka zetu, zimeni upakuaji wa picha na viambatisho wenyewe wenyewe. Fungueni kile mnachohitaji. Barua bila picha inakula mega kidogo sana.

Sanduku likiwa kwa kampuni yenye mashine mbali, kuna faida nyingine. Intaneti ilipokatwa nchini kuanzia tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, kwa karibu juma tatu, hatukuweza kusoma. Lakini sanduku lililo nje ya nchi liliendelea kupokea, na mtandao uliporudi barua zilikuwa pale zikingojea.

Kufuli tatu

Wamama wa AVEC wanajua sanduku la pesa: kufuli tatu, funguo tatu, kwa watu watatu, na hakuna anayefungua peke yake. Domeni nayo ilindwe kwa moyo huohuo, ingawa hatuwezi kuigawa vipande vitatu.

Tuanze na majina ya adresi. Zipeni jina la kazi, si la mtu: katibu@, sanduku@, prezidenti@. Uchaguzi ukifika, sekretere mpya anachukua ile ile katibu@, anabadilisha neno la siri, anakuta barua zote za miaka iliyopita. Wafadhili hawahitaji hata kujua kwamba mama fulani amestaafu. Kubadilisha neno la siri kuandikwe kwenye ajenda ya mkutano wa makabidhiano, pamoja na muhuri na daftari la pesa.

Neno la siri la konti ya muuzaji wa domeni ni zito kuliko yote, kwa sababu aliye nalo anaweza kupeleka barua zote popote anapotaka. Liandikwe kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha, bahasha ifungwe na kusainiwa juu ya gundi, iwekwe ndani ya sanduku la kufuli tatu. Ndiyo, karatasi. Watu wa mitandao wanacheka karatasi, lakini mwizi aliye mbali hawezi kufungua kufuli la Kadutu.

Washeni pia uhakikisho wa hatua mbili, ule unaoomba namba ya pili baada ya neno la siri. Ukipitia SMS, jiulizeni laini ni ya nani, kwani laini ikipotea mlango umefungwa. Kampuni nyingi zinatoa namba za akiba za kutumia siku ya shida; ziandikeni na kuzitia kwenye bahasha ileile.

Na tahadhari na barua za uongo. Ukishakuwa na domeni utapata barua zinazosema inaisha kesho, lipa hapa. Usibonyeze. Fungua mwenyewe konti ya muuzaji wako uangalie tarehe. Wengine wataandika kwa adresi inayofanana na ya mnunuzi wako, herufi moja tu imebadilika, wakisema konti yetu ya benki imebadilika, tuma pesa huku. Barua yoyote inayobadilisha konti ya benki, piga simu kwanza, kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua.

Tarehe ya kulipa

Domeni nyingi hazipotei kwa wezi, zinapotea kwa kusahau. Tarehe ya mwisho ikipita, imeli inaweza kunyamaza, na anayewaandikia anapata jibu kwamba adresi haipo. Kwa .org na .com kuna kawaida siku chache za huruma, ambazo kila muuzaji anazipanga, kisha siku 30 za kukomboa ambapo bei inaweza kupanda mara kadhaa. Baada ya hapo jina linaachiliwa, na kuna watu kazi yao ni kuokota majina yaliyoachwa. Atakayeliokota ataweza kufungua katibu@ yake, na kupokea barua za wafadhili wenu.

Kwa hiyo tunashauri jambo moja kwa vikundi vyenye uwezo: msilipe mwaka mmoja mmoja. Domeni za .org na .com zinaweza kulipiwa hadi miaka 10 mbele. Mwaka 2025, benki za Goma na Bukavu zilipofunga milango, kadi nyingi zilibaki plastiki tu mkononi. Aliyekuwa amelipa miaka mitatu hakuwa na mzigo huo juu ya mizigo mingine. Miaka mitatu ni kiasi kizuri. Tarehe iandikwe ukutani mwa biro, na mtunza sanduku aanze kuweka pesa pembeni miezi mitatu kabla.

Adresi ya zamani msiifunge siku ileile. Watu wataendelea kuitumia mwaka mzima na zaidi, na karatasi zilizochapwa bado ziko mikononi mwao. Wekeni jibu la kujituma lenyewe: tumehama, tuandikie huku. Na muingie humo angalau mara moja kwa miezi michache, maana Google inaweza kufuta konti iliyokaa miaka 2 bila kufunguliwa, pamoja na barua zote zilizo ndani.